Foleni ya Mbeyu

Kibao walikileta kwa pikapu. Wakachimba mashimo mawili mbele ya Nyumba ya Dawa, wakakisimamisha, wakaondoka. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini maandishi yalikuwa makubwa na sikuwa na pa kwenda, nikasoma neno kwa neno. Kimeandikwa kwamba nyumba ilijengwa na tajiri wa nazi aliyetoka Shihiri, Uarabuni, ikawa ghala lake. Wamisheni wakainunua, ikawa zahanati. Serikali ikaichukua. Kisha mheshimiwa fulani, majina yake matatu yote yamo, akaikarabati. Sasa ni jengo la kale, wageni wanakaribishwa kila Jumamosi.

Mke wangu Mbeyu, aliyefia mle ndani, hayumo.

Nilitaka awemo. Sikutaka kitu kingine kwao, na hata hicho sijui nilikitakia nini.

Nyumba yenyewe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene hata mtoto aweza kulala dirishani asianguke. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Mbeyu alikuwa akisema tajiri yule alijenga vyumba vya kumlaza nyoka. Lakini palikuwa na ubaridi. Jua la Kisauni likichoma, watu wazima na afya zao walikuja kukaa barazani wakijishika matumbo.

Dari ilikuwa ikivuja kidogo, na kila mwaka ilipakwa chokaa, basi. Halafu mheshimiwa akataka kuja kupigwa picha. Wakaleta lori la simiti, wakaimwaga juu ya chokaa, na chini wakapaka rangi nyeupe kama maziwa. Ilipendeza. Sote tulipiga makofi, Mbeyu alipiga vigelegele. Simiti ikayafungia maji ndani, na boriti zikaoza zikiwa zimevaa rangi mpya. Hakuna aliyerudi kuangalia. Mkubwa akishapigwa picha, kwake kazi imekwisha.

Masika ya pili Mbeyu alikwenda kuchukua dawa ya presha. Pale foleni haikuwa ya kusimama. Ukifika asubuhi unaweka kitu chako kwenye benchi, leso au kikapu au chupa ya maji, kisha unakwenda zako kivulini. Kitu chako ndicho kinachongoja, na hakuna mtu wa mtaa wetu wa Mjambere atakayekisogeza mpaka uitwe. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo watu walikaa ndani na vitu vyao. Mbeyu alikaa chini ya boriti ya nne kutoka mlangoni. Waliokuwa pembeni yake walivunjika mikono.

Nilipewa leso yake imejaa vumbi la chokaa. Niliifua, nikaianika, nikaikunja. Sikulia. Watu waliniambia nitalia baadaye. Bado.

Zahanati ikafungwa, ikazungushiwa mabati miaka mingi, kisha wakaja hawa wa majengo ya kale. Bwana wao anaitwa Phineas, kijana wa bara, mpole, shati lake limepigwa pasi. Nilimfuata ofisini kwake.

"Mzee wangu, pole sana," akasema. "Lakini kile kibao ni historia ya jengo. Hiyo yako ilikuwa ajali."

"Ajali ya jengo."

"Ndiyo, lakini..." Akakuna shingo. "Nafasi ilikuwa ndogo. Hata jina la fundi halipo."

"La mheshimiwa lipo."

"Hapo unanionea, mzee. Mimi nililetewa maneno yameshaandikwa."

"Na nani?"

Akatazama juu, kama kwamba huko darini kuna mtu. Wote hutazama juu. Ukienda juu, wanakutuma chini.

Nikarudi nikakaa kwa Salha, anayeuza viazi karai mkabala na kibao. Yeye na Mbeyu walikuwa mtu na shoga yake.

"Kombe weye," akasema, "wamngoja yule mtoto akutilie mkeo kwenye bati? Bati lenyewe litaota kutu mwaka huu huu."

"Basi nifanyeje?"

"Mimi nijuaje? Mimi nauza viazi." Akageuza viazi kwenye mafuta. "Lakini ingekuwa ni Mbeyu, saa hizi keshaweka kikapu chake pale ndani, na hapiti mtu."

Nilikwenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi niliingia Nyumba ya Dawa na leso. Wamechonga benchi jipya mfano wa lile la zamani, wamelipaka vanishi. Nikahesabu boriti kutoka mlangoni, nikaiweka leso kwenye benchi chini ya ile ya nne, imekunjwa, nikatoka nikakaa barazani karibu na dirisha. Garama, anayefagia pale, aliniona. Akafagia kila mahali, akaizunguka leso.

Phineas akaja. "Hii ni nini?"

"Leso, bosi," Garama akasema.

"Naona ni leso. Itoe, wageni wako njiani."

"Siwezi, bosi. Kuna mtu kwenye foleni."

"Foleni gani, Garama? Zahanati ilifungwa!"

"Ni kweli, bosi. Lakini hajaitwa."

Phineas akanyoosha mkono mwenyewe. Salha alikuwa amesimama mlangoni na upawa wake, mafuta yakidondoka kwenye sakafu ya wageni. "Mwanangu," akamwambia, "ukiigusa hiyo, wallahi viazi vyangu utavisikia harufu tu."

Garama akacheka. Phineas naye akataka kucheka, akashindwa. Akanitazama kupitia dirishani. Sikumkunjia uso wala kumchekea. Akaurudisha mkono mfukoni, akatoka kwenda kuwapokea wageni, na baada ya kuwapokea hakuingia nao tena.

Anayewatembeza ni Vivian, msichana wa Utange. Alipita akaniamkia, "Shikamoo, mzee Kombe," nikamwitikia. Nikamsikia ndani akianza maneno yake: ghala, nazi, wamisheni, matumbawe yalivyokatwa, chokaa ilivyochomwa. Anayajua vizuri. Wageni wakapiga picha.

Halafu mama mmoja, amechoka na joto, akataka kukaa.

"Samahani, mama," Vivian akasema. "Hapo pana mtu."

"Nani?"

Akaitazama leso. Nilijua anachokifikiria, maana kazi yake inatoka kwa wale wa juu, na kibao kiko nje kila mtu anakisoma. Angeweza kusema ni leso ya mfagiaji. Angeweza kuitia kwapani wakaendelea. Lakini ni mtoto wa huku, mamake alikuwa akiweka kikapu kwenye benchi hilo hilo.

"Hizi boriti mnazoziona ni mpya," akasema. "Za zamani zilioza chini ya simiti, zikaanguka. Hapo alikuwa amekaa Mbeyu, mke wa mzee Kombe, anangoja dawa. Zikamuua. Ukuta huu, kama mnavyouona, una unene wa dhiraa moja na nusu. Tuelekee chumba cha pili."

Aliyasema kwa sauti ile ile aliyosemea nazi na chokaa. Hakuipandisha wala hakuishusha. Wageni wakaizunguka leso mmoja mmoja, wakapita.

Nilingoja kitu kinipande kifuani. Hakikupanda. Nikainuka nikavuka hadi kwa Salha, aliyekuwa amerudi kwenye karai lake.

"Vipi?" akauliza.

"Ameitwa."

Salha akajifuta uso kwa ncha ya buibui, akasema ni moshi. "Basi nenda kaichukue leso."

"Wacha ikae," nikamwambia. "Jumamosi ijayo wanakuja wengine."

Akanipa viazi kwenye gazeti. Vilikuwa vimepoa. Nikavila.