Mfuko wa Pumzi

Umeme ulikatika mchana kweupe, na mashine iliyokuwa ikimpumulia mdogo wangu ikanyamaza. Nesi alichomoa mpira wa mashine, akaunganisha mfuko wa kubana kwa mkono kwenye bomba lililoingia kooni, akanikabidhi mimi. Wagonjwa wa mashine walikuwa wawili, na nesi ni mmoja.

"Bana, achia. Jenereta inashughulikiwa."

Nyumbani wananiita Redio kwa sababu ya maombi. Mimi ni fundi cherehani. Naomba nikikata kitambaa, naomba nikipiga pasi, na mteja wangu huondoka na gauni pamoja na mahubiri asiyoyaagiza. Basi nikaanza. Nikamkumbusha Mungu mifungo yangu yote, nikamwambia wazi kwamba akimchukua huyu, mimi na yeye basi. Maneno yakaenda mbio, na mikono ikayafuata.

"Dada! Unabana haraka mno, hewa haipati nafasi ya kutoka!" nesi alifoka kutoka kitanda cha pili. "Acha kuomba. Pumua wewe kwanza. Ukivuta, bana. Ukitoa, achia."

Acha kuomba! Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Lakini kifua cha mdogo wangu hakikuwa na muda wa kungoja hasira zangu zipoe. Nikafunga mdomo.

Nikavuta, nikabana, kifua kikainuka. Nikatoa, nikaachia, kikashuka. Mwanzoni nilikuwa nampumulia. Baadaye, sijui saa ngapi, sikuweza tena kusema pumzi ipi yangu na ipi yake. Kisha nikaona, waziwazi kama ninavyoona uzi ukipita tundu la sindano, kwamba hata yangu si yangu. Tulikuwa tunapumuliwa sote: mimi, yeye, nesi aliyelowa jasho, mzee wa kitanda cha pili. Yule niliyempigia kelele miaka yote kana kwamba yuko ng'ambo ya mto hakuwa mbali hata kidogo. Kati yetu hapakuwa na nafasi ya kupitisha neno. Niliogopa. Halafu nikafurahi, pale pale kando ya mdogo wangu mahututi, na sikuona aibu.

Umeme uliporudi, nesi alilazimika kunibandua vidole kwenye mfuko.

Mdogo wangu alifariki wiki ile ile. Msibani watu walinitazama kwa pembe ya jicho wakisubiri nigombane na Mungu, maana wananijua. Mama ndiye aliyelipuka, akanikamata mabega mbele ya wageni.

"Umeomba maisha yako yote! Alikuwa wapi huyo Mungu wako? Alikuwa wapi wakati mwanangu anakata roho?"

Nilichukua mkono wake nikauweka kifuani pangu, wangu nikauweka kifuani pake, nikavuta pumzi polepole. Alijaribu kujitoa. Nikavuta tena. Kilio chake kikalegea, na mama yangu akaanza kupumua pamoja nami.

"Hapa, mama," nilimwambia. "Alikuwa hapa hapa."