Mlenda wa Severina

Severina wa Iguguno alikuwa na sifa tatu ambazo hakuna jirani aliyethubutu kumbishia: alikuwa na sauti ya pili ya kwaya isiyo na mfano, alijua kupika mlenda, na alikuwa na pua ya kunusa uongo. Mume wake, Amosi, alikuwa akisema kwamba pua hiyo ingeajiriwa polisi, wilaya nzima ya Mkalama isingebaki na mwizi wa kuku hata mmoja. Alisema kwa utani. Hakujua kwamba ipo siku pua yenyewe ingemgeukia yeye.

Mambo yalianza mwezi wa tano, alizeti ikiwa imeshakatwa na kurundikwa uani. Amosi alikuwa anaipiga kwa fimbo, mara akasimama, akashika kisogo, akasema kichwa kinamgonga, labda ni jua. Kwa mke mwingine lingekuwa jua tu. Severina alipomtazama alimwona Gabrieli. Huyo alikuwa kaka yake Amosi. Miaka miwili nyuma naye alishika kisogo vilevile, akasema ni jua vilevile, na kabla ya adhuhuri alikuwa chini kwenye turubai, upande mmoja wa mwili hausikii. Hakumaliza wiki. Alikufa akiwa na miaka hamsini na tisa, na Amosi sasa alikuwa na hamsini na nane.

"Vaa viatu," Severina akasema.

"Niende wapi?"

"Vaa viatu, Baba Leonard. Maswali utauliza njiani."

Amosi akavuta katambuga zake, zile za matairi alizozipenda kuliko kiatu chochote cha dukani, wakaenda kituo cha afya.

Muuguzi alikuwa Editha, binti wa Kiomboi mwenye miwani na asiyependa kuharakishwa. Baada ya kuwaamkia shikamoo wote wawili, alimkalisha Amosi dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza. Akapima. Akapima tena. Mia na sabini na nane kwa mia na mbili.

"Baba, una presha," akasema, "na sidhani kama umeipata leo. Presha haipigi hodi. Hizi dawa unameza kila asubuhi, uwe unaumwa, uwe huumwi. Ukisubiri kichwa kigonge ndiyo umeze, utakuwa umechelewa. Chumvi weka pembeni. Mafuta mengi na nyama za kuchoma, punguza. Na utembee kila siku nusu saa, mwendo wa mtu anayewahi basi."

Severina aliyapokea maneno hayo kama amri kumi. Siku hiyohiyo kopo la chumvi lilihamia kwa jirani, mama Sikudhani. Siku za mnada Amosi alipita mbele ya nyama bila kugeuza shingo. Kila asubuhi Severina alisimama mbele yake na kikombe cha maji, akamwangalia akimeza, kisha akamwambia afungue mdomo na kuinua ulimi. Mchana alimpikia ugali wa mtama na mlenda, jioni makande. Ajabu ni kwamba Amosi alikula vizuri tu.

"Chumvi hamna," alisema akilamba vidole, "lakini mboga tamu. Mke wangu una mkono."

Severina alifurahi, na kesho yake alijitahidi zaidi.

Walirudi baada ya mwezi: mia na sabini kwa mia moja. Editha akauliza kama dawa zinamezwa. Severina akaapa kwamba anakagua mpaka chini ya ulimi. Editha akaongeza dawa ya pili. Mwezi uliofuata, mia na sabini na mbili. Hapo Editha alivua miwani.

"Baba, dawa unameza, hilo naliamini. Lakini mwili wako unaniambia kuna chumvi inaingia. Inaingilia wapi?"

"Mwanangu, mimi chumvi nimeisahau hata sura."

"Basi mwezi ujao ikiwa hivihivi, nakuandikia barua uende hospitali ya mkoa, Singida, wakuangalie vizuri huo moyo."

Editha alisema kwa wema kabisa. Lakini Gabrieli naye aliwahi kuandikiwa barua ya kwenda Singida. Waliikuta kwenye mfuko wa koti lake siku ya msiba. Severina alitoka pale bila kuaga. Hakuna kitu duniani alichokiogopa kama kumpoteza huyu mwanaume aliyeishi naye miaka thelathini na mbili, na woga wa Severina, kama walivyojua wote waliomjua, haukukawia kugeuka hasira.

Pua ikaanza kazi. Nyumbani chumvi hakuna, hilo yeye ndiye shahidi. Basi inaliwa nje. Na nje Amosi alienda wapi? Alienda matembezi yake, kila siku saa kumi na moja jioni, kuelekea barabara kuu. Huko barabarani, mahali mabasi ya Singida yanaposimama, yupo Idrissa mwenye jiko la mishikaki. Zaidi ya hapo, nusu saa ya Amosi siku hizi ilikuwa inazaa dakika kumi na tano zaidi, na alirudi anapiga mluzi. Mtu gani ametembea kwa amri ya nesi akarudi anapiga mluzi?

Severina alijitanda kanga, akavaa malapa, akamfuata.

Siku ya kwanza Amosi alimpungia Idrissa mkono toka mbali, akapita. Akaenda hadi uwanja wa shule ya msingi, akauzunguka mara nne, akarudi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Severina alikuwa anahema kama mbuzi aliyefukuzwa shambani, malapa yanapiga kofi kila hatua, lakini hakukata tamaa. Kuanzia siku hiyo Amosi alianza mtindo mpya. Kila akifika kona ya uwanja, aliinama kama anayefunga viatu, akakaa pale muda mrefu, huku mkewe amejibanza nyuma ya mti wa mgunga akitafuta pumzi. Anachungulia kama kuna mtu nyuma, Severina akawaza. Ana lake jambo.

Wiki nzima hakuona mshikaki hata mmoja. Mwingine angesema basi, mtu wa watu hana kosa. Severina alisema kumbe mjanja kuliko nilivyodhani.

Jumamosi asubuhi jumuiya yao ya kanisani ilisali nyumbani kwa Bonifasi, mwenyekiti wao, mtu mwema ila mdomo wake haukuwa na mlango. Ulipofika wakati wa maombi, Severina akasimama.

"Naomba tumwombee mume wangu," akasema, "Mungu amfungue kinywa, aseme huko anakokula chumvi."

Vichwa vyote vikamgeukia Amosi. Mtu mmoja akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

"Mzee Amosi," Bonifasi akasema, "kama ni mishikaki ya Idrissa, ungama tu. Hata mimi imenishinda."

Watu wakaangua kicheko. Amosi peke yake hakucheka. Alisimama taratibu, kofia mkononi.

"Mimi chumvi sijala toka mwezi wa tano," akasema. "Mke wangu haamini. Basi."

Akakaa. Njia nzima ya kurudi hawakusemeshana. Severina aliona kwamba amemwumiza, na moyo ukamchoma. Lakini kila alipotaka kuomba radhi aliiona ile barua kwenye mfuko wa koti, akaahirisha.

Alhamisi wakaenda kliniki. Mia na sabini na nne kwa mia moja. Editha akashusha pumzi, akavuta droo, akatoa karatasi ya rufaa. Severina alipoiona hiyo karatasi aliangua kilio, pale pale mbele ya foleni.

"Anataka kuniacha! Anataka kuniacha kama Gabrieli alivyomwacha Martina! Mwambie aache, mwanangu, mimi hanisikii!"

Editha aliweka kalamu chini. Alimtazama Severina jinsi kifua kilivyokuwa kinapanda na kushuka.

"Mama, wewe umewahi kupimwa?"

"Mimi? Mimi siumwi."

"Kaa hapo. Futa machozi, utulie. Dakika tano bila kuongea."

Hizo dakika tano zilikuwa adhabu kubwa kuliko aliyowahi kupewa na padri yeyote. Editha akapima mara ya kwanza, akapima mara ya pili.

"Mia na sitini na nane kwa tisini na nane," akasema. "Mama, na wewe unakula kwa Idrissa?"

Amosi, ambaye hakuwa amecheka toka Jumamosi, alikohoa mpaka akatokwa na machozi.

"Mnakula chungu kimoja?" Editha akauliza.

"Kimoja."

"Haya, niambie unavyopika. Usiruke kitu."

Severina akajikusanya. Kwenye mapishi yeye hakuwa mtu wa kutikiswa. "Mlenda wangu nauanika mwenyewe, nautwanga mwenyewe. Nachukua magadi, naweka kwenye kile chungu cha matundu alichoniachia mama mkwe, namimina maji, yanachuruzika. Hayo maji ndiyo naivishia mboga. Chumvi haigusi hata punje. Magadi tu."

"Magadi kiasi gani?"

"Zamani kijiko. Lakini toka tuache chumvi naongeza, mboga isipooze. Viganja viwili."

"Na makande?"

"Sasa bila magadi maharage yataiva lini?"

Editha alivaa miwani, akaivua. "Mama, magadi na chumvi ni watoto wa tumbo moja. Kile kinachopandisha presha kwenye chumvi kimo kwenye magadi pia."

"Magadi ni udongo!"

"Ndiyo, mama. Na ng'ombe wanaulamba huo udongo kwa nini?"

Severina alifungua mdomo kujibu, akamkumbuka baba yake. Alikuwa binti wa mfugaji. Utoto wake wote alimwona baba yake akipeleka ng'ombe kwenye ardhi ya magadi kulamba chumvi, na walipochelewa kupelekwa walienda wenyewe. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Ila halikuwahi kumjia jikoni, maana jikoni magadi ni magadi na chumvi ni chumvi, ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama mkwe, na kila mwanamke aliyewahi kushika mwiko mbele yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa chunguni.

"Kumbe ni mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Baba Leonard, kumbe ni mimi."

Amosi akamwangalia. Ungedhani mtu aliyesimangwa mbele ya jumuiya nzima angelipiza hapo. Yeye akamsogezea leso.

"Mlenda wenyewe mtamu," akasema. "Ningejuaje?"

Editha akairudisha ile karatasi ndani ya droo. "Nawapa mwezi mmoja. Magadi yatoke nyumbani. Maharage mloweke toka jana yake, yataiva tu. Mlenda tia bamia, utavutika wenyewe, na karanga na ndimu kwa ladha. Dawa za baba ziendelee zote mbili, asiache hata siku moja hata akijisikia mzima. Na mama unafungua kadi leo. Na wewe utembee."

Jumamosi Severina akasimama tena kwa jumuiya, na safari hii miguu ilikuwa mizito.

"Wiki iliyopita niliwaomba mumwombee mume wangu," akasema. "Nilimsingizia. Mwizi alikuwa jikoni, na ni mimi." Akawaeleza yote, viganja viwili na ng'ombe wa baba yake. Alitegemea kicheko. Hakikuja, maana nusu ya wanawake waliokuwa pale walikuwa wameacha mboga jikoni, nao walijua wameitia nini. Martina, mjane wa Gabrieli, akasimama.

"Alhamisi tuongozane wote," akasema. "Mimi toka msiba ule sijawahi kupima."

Alhamisi hiyo Editha alipofungua mlango alikuta watu kumi na moja kwenye benchi, mwenyekiti Bonifasi akiwa wa kwanza.

Kile chungu cha matundu hakikutupwa. Chungu cha mama mkwe hakitupwi. Kilitiwa nyasi kikawekwa kwenye kona ya jiko, na kuku mmoja mwekundu akatagia humo mayai tisa. Mlenda wa bamia ulimpa Severina tabu wiki mbili. Mara ya kwanza Amosi aliula akasema si mbaya, na pua ya Severina ikanusa uongo papo hapo. Wiki ya tatu akalamba vidole bila kuombwa.

Mwezi ulipoisha walipimwa. Amosi, mia na thelathini na sita kwa themanini na nne. Severina, mia na arobaini na mbili kwa tisini. Editha alitabasamu mpaka miwani ikapanda, akawaambia waendelee hivyohivyo.

Jioni ile Amosi alitoka kwenda matembezi yake, na Severina akatoka pia. Mwezi mzima alikuwa ametembea kama alivyoagizwa, lakini bado kwa nyuma, hatua ishirini, kwa aibu ambayo hakujua aiweke wapi. Amosi hakuwahi kumwuliza. Walipita kwa Idrissa, wakampungia. Kwenye kona ya uwanja wa shule Amosi akainama, kama kawaida yake, akawa anahangaika na viatu. Severina naye, kwa mazoea, akaanza kuuelekea mgunga wake. Kisha akasimama, akaangalia miguu ya mume wake.

"Baba Leonard," akaita. "Katambuga zimeanza lini kuwa na kamba?"

Amosi hakuinuka. Alikuwa anacheka kichinichini, mabega yakitikisika.

"Toka siku ya tatu," akasema, "ulipoanza kuhema."

Severina akazimaliza zile hatua ishirini, akamshika mkono, wakauzunguka uwanja mara nne bega kwa bega.