Mvinyo wa Chini ya Kitanda

Jumapili moja, saa nane na nusu mchana, Kizibo alipiga magoti kando ya kitanda chake, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa viatu vya mvua, kopo la vifungo na chupa ya mvinyo mwekundu wa Australia. Chupa ilikuwa na miaka ishirini na miwili, sawasawa na ndoa yake, na kati ya hivyo viwili chupa ndiyo iliyokuwa na vumbi zaidi.

Jina la Kizibo alipewa na wenzake wa hotelini, kwa sababu alizibua chupa za watu miaka thelathini na kuambulia harufu tu. Hii ya kwake alizawadiwa na mgeni aliyelima zabibu huko Australia. Mgeni alimwagiza ailaze ubavu, mahali penye giza, pasipo joto, na palipotulia, mpaka ikomae. Kizibo alikuwa na mahali pamoja tu penye giza na pasipo joto. Kuhusu utulivu, ndiyo kwanza alikuwa ameoa.

Sebuleni mkewe, fundi cherehani, alikuwa akifuta glasi tatu. Ya tatu ilikuwa ya wifi yake, dada mkubwa wa Kizibo, mwalimu mkuu mstaafu, aliyefika tangu asubuhi na kuikagua nyumba kama daftari.

"Makochi yako yanadumu, wifi," alisema mwalimu mkuu. "Kwangu wajukuu wameyamaliza kwa kuruka. Hapa nani aruke?"

"Ndiyo, wifi. Nikuongeze maji?"

Alijibu hivyo kwa mwaka wa kumi na tatu sasa. Daktari alishasema wazi kwamba fundi hana tatizo lolote, mwenye tatizo ni Kizibo. Kizibo akamwomba mkewe ayabebe maneno ya ndugu zake mwaka mmoja tu, mpaka apate moyo wa kusema. Mwaka huo ukazaa, tena ukazaa sana. Mwishowe aliapa kwamba siku chupa itakapofunguliwa, atamwambia dada yake yote. Ndiyo maana fundi alikuwa amevaa gauni jipya.

Kizibo alifungua chupa taratibu, maana gome la kuzibia lilikuwa limelowa mpaka katikati. Akaupitisha mvinyo kwenye kichujio cha chai, ukaingia kwenye jagi. Katikati ulikuwa na wekundu wa kukolea, pembeni ukaishia rangi ya tofali.

"Huo ndio uzee mwema," alisema. Akanusa. "Ngozi ya kiatu. Tunda la plamu lililokauka. Tumbaku kidogo."

Akapiga funda, akalizungusha mdomoni, akameza. Mdomo wake ukafunguka na kutoa sauti ya mkewe, ile ya usichana: "Sogea huko, bwana! Miguu yako baridi kama chura."

"Hiyo ya mwanzo mwanzo," alisema fundi.

"Ndiyo. Bado ina ladha ya tunda."

Mvinyo mwingine hunyonya ladha ya pipa. Huu ulikuwa umenyonya yaliyosemwa kitandani, juu yake. Wa hotelini haukuwa hivyo, kwa sababu kule stoo hakuna anayezungumza.

"Haya, nami," alisema mwalimu mkuu, akapiga funda la mtu aliyezoea soda. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mdogo wake, ya chini chini, ya kitandani: "Daktari kasema ni mimi, si wewe. Dada asijue, nakuomba. Nitakufa kwa aibu."

Fundi alimtazama mumewe. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Neno limetoka, tena limetoka kwa dada mwenyewe. Kilichobaki ni kusema "ndiyo."

Kizibo akaizungusha glasi yake. Akaizungusha tena.

"Unahitaji hewa," alisema. "Dakika kumi hivi."

Mwalimu mkuu alijifuta midomo kwa leso, machozi yakimlengalenga. "Sauti ni yako kabisa, mdogo wangu. Wifi, unaona umeolewa na mtu wa namna gani? Hata kasoro yako kajitwika yeye, ili wewe usilie."

"Naona, wifi."

"Umshukuru."

"Nitamshukuru."

Fundi alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akimbebea mkoba. Njiani wifi alichangamka. Alilisifia gauni, akamshauri aliachie nafasi kiunoni, maana Mungu hachoki.

Aliporudi, alikuta mumewe amemwachia glasi moja imejaa, ameifunika kwa kisahani nzi wasiingie. Mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Fundi akapiga funda. Ikamtoka sauti ya mumewe, ya alfajiri, ya mtu anayedhani mwenzake amelala: "Nisamehe, mke wangu. Kesho nitamwambia."

Funda la pili: "Nisamehe, mke wangu. Kesho nitamwambia."

La tatu lilikuwa lile lile, ila sauti ilikuwa na mafua.

Glasi nzima ilikuwa hivyo, alfajiri juu ya alfajiri. Fundi alikunywa polepole, hakuacha tone. Funda la mwisho lilimkuta tayari anacheka, akavua viatu na kumwekea mumewe miguu mapajani.

"Unauonaje?" aliuliza Kizibo.

"Umelainika sana. Lazima zamani ulikuwa mkali."

"Kesho nitamwambia," alisema Kizibo, safari hii kwa mdomo wake mwenyewe.

"Sawa, bwana." Akamsogezea glasi. "Niongeze."

"Yamebaki mashapo tu."

"Mimina hayo hayo."