Tabaga Zilizolala Ubavu

Mwanamke nisiyemjua aliingia dukani, akavua viatu mlangoni kama anaingia sebuleni kwa watu, akaweka kamera juu ya meza yangu, ndipo akakumbuka salamu.

"Asalaam aleikum. Wewe ndiye msichana wa kompyuta?"

"Waaleikum salaam, Hajati. Ni mimi, Taqwa."

"Nimetoka Bombo asubuhi. Huko mjini wananiambia nenda Mengo, kwa Mahmoud wa picha, kuna msichana amemaliza chuo juzi, bado hajajifunza kukataa watu."

Ami Mahmoud alikuwa kwenye kaunta akikata picha za pasipoti. Alicheka mpaka mkasi ukasimama hewani. "Hilo la kumaliza chuo ni kweli," alisema. "Na hilo jingine ndilo linaniua njaa."

Siku hiyo nilikuwa na sababu ya kukataa. Kwenye laptopu yangu kulikuwa na video niliyokuwa nikiimalizia, ya kuomba nafasi ya mafunzo Kigali, na maombi yangefungwa saa kumi alasiri. Nilieleza ndani yake programu niliyoiandika chuoni, inayonyoosha picha zilizogeuka. Nilikuwa nimevaa joho langu la mahafali kwa ajili ya video hiyo, na ami alikuwa amenitania tangu asubuhi kwamba nimekuja kuhitimu tena.

Lakini yule mama aliposema neno "zimegeuka", moyo wangu uliruka.

Jina lake lilikuwa Nabilah, Mnubi, kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaosuka tabaga, zile kawa za rangi za kufunikia chakula. Waandaaji wa maonyesho fulani huko Nairobi walikuwa wamewapa meza, kwa sharti watume picha za kazi zao kwenye tovuti. Walituma. Jana wakajibiwa kwamba picha zimekaa vibaya, maandishi yamelala, na zisiposahihishwa kufikia saa kumi leo, meza itapewa kikundi kingine.

"Tumesuka tangu kabla ya Ramadhani," alisema. "Mke wa ndugu yangu ameuza mbuzi anunue rangi. Sasa wanatuambia tumelala."

Alifungua mfuko, akatoa tabaga moja kubwa iliyofungwa kwenye kanga. Nyekundu, zambarau, kijani cha ndimu, na katikati, kwa uzi mweusi, herufi zimesukwa: BISMILLAHI. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba ami aliacha mkasi kabisa akaja kutazama.

"Hili jina linaweza kulala ubavu?" Hajati Nabilah aliniuliza. "Wewe Mwislamu, niambie."

"Haliwezi."

"Lakini naona una shughuli zako."

"Zako zitatangulia zangu," nilisema. "Nakuahidi."

"Watu wa chuo mnaahidi upesi," alisema, lakini aliketi.

Kwenye kioo cha kamera, picha zote zilikuwa zimesimama sawasawa. Nilipozihamishia kwenye laptopu, nyingine zikalala kushoto, nyingine kulia, na chache zikabaki wima. Nilifurahi mno hata nikasahau adabu, nikapiga meza. Huo ndio ugonjwa niliousomea mwaka mzima.

"Hajati, tazama. Kamera ikipiga picha, huwa inaandika ndani ya picha alama ndogo usiyoiona, inayosema: upande huu ndio juu. Laptopu inaisoma ile alama na kuigeuza picha. Kamera yako yenyewe haijishughulishi nayo, inaonyesha tu ilichokiona. Programu yangu inasoma alama, inaigeuza picha kweli kweli, halafu inafuta alama. Baada ya hapo hakuna mtu wa kuigeuza tena."

"Basi igeuze."

Nilifanya nakala za picha zote, maana picha ya mtu haiguswi asili yake, nikaiendesha programu. Ilimaliza kabla ami hajamaliza kupiga miayo. Nikafungua ya kwanza.

BISMILLAHI ilikuwa imelala ubavu.

Nikafungua ya pili. Imelala. Ya KARIBU MGENI nayo imelala, upande wa pili.

"Imefanya nini?" aliuliza Hajati.

"Imefanya nilivyoiambia," nilisema, na sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Ulisema kwenye video haikosei," alisema ami. "Nimekusikia ukirudia mara nyingi. Haikosei, haikosei, kama kasuku."

"Ami, tafadhali."

Nilijaribu tena, nikabadilisha hili na lile. Jua lilihama kutoka mlangoni hadi kwenye kaunta. Adhuhuri walikwenda wakaswali kwa zamu, nami nikaswali, nikarudi, picha bado zimelala. Nilichokuwa sielewi ni kimoja: programu ilikuwa inatii alama bila kosa lolote. Basi alama zenyewe zilikuwa za uongo. Lakini kamera kwa nini iseme uongo?

"Hajati," nilimwuliza mwishowe, "ulipokuwa unapiga, ulisimama wapi?"

Hakuniambia. Alinionyesha. Alitandika kanga sakafuni, akalaza tabaga juu yake, akasimama miguu huku na huku kama anayevuka mfereji, akaiinamia na kuielekeza kamera chini kabisa.

"Zote hivi?"

"Zote."

"Kwa nini hukuziegemeza ukutani?"

Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini hakupika bila moto. "Tabaga mpya haisimamishwi. Mama alitufundisha hivyo, na mama yake vilevile. Mpaka iwe imefunika chakula cha mgeni, na mgeni amekula. Kabla ya hapo inalala, kama mtoto hajafikisha arobaini."

Nikasimama na kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Ami, nipe kamera yako. Na kikombe cha maji."

"Kaingiwa na jini," alisema ami, lakini alileta.

"Tazameni maji. Nikiinamisha kikombe, maji yanakimbilia chini, si ndiyo? Kamera nayo ina kitu kidogo ndani, kinavutwa na ardhi kama haya maji. Ukiishika wima, kinajua juu ni wapi. Ukiilaza ubavu, kinajua pia. Lakini ukiielekeza sakafuni moja kwa moja," nikaiinamia tabaga, nikapiga, nikatikisa mkono kidogo, nikapiga tena, "juu ni wapi? Ni mgongoni mwake. Juu ya picha haipo tena. Basi inabahatisha. Mara kushoto, mara kulia."

Tukazitazama zile picha mbili kwenye laptopu. Moja ilikuwa imelala kushoto, nyingine kulia. Hajati Nabilah alianza kucheka taratibu, mkono mdomoni.

"Kwa hiyo kamera imedanganya kwa sababu mimi nimeheshimu?"

"Haikudanganya, Hajati. Iliulizwa swali lisilo na jibu, ikaona haya kunyamaza."

"Kama mume wangu akiulizwa njia."

Dawa yake ilikuwa rahisi hata nikataka kulia. Picha zenyewe, chini ya zile alama, zilikuwa wima tangu mwanzo, kama kioo cha kamera kilivyoonyesha. Sikuhitaji kugeuza chochote. Nilihitaji kufuta alama tu, na kuziacha picha kama jicho lake lilivyoziona. Nilichukua nakala mpya, nikaandika upya sehemu ile ya programu, vidole vikikimbia kuliko akili.

Hapo taa zikazimika. Feni ikazunguka mara za mwisho ikatulia, na kompyuta kubwa ya duka ikawa kioo cheusi. Barabara nzima ilinyamaza, kisha jenereta za wenzetu zikaanza kunguruma moja moja. Yetu ilikuwa kwa fundi.

Laptopu yangu ilibaki na betri kidogo, ile rangi nyekundu. Saa kumi ilikuwa inakaribia. Ami alitazama betri, akanitazama mimi.

"Taqwa," alisema polepole, kwa sauti ya nyumbani. "Video yako ni nzito."

"Najua, ami."

"Tuma yako kwanza. Hajati ataelewa."

Hajati Nabilah hakuwa anajua kwamba video yangu nayo ilikuwa na saa yake ya mwisho. Sasa alijua. Alianza kuikunja kanga yake. "Mwanangu, mimi sikukushika kwa kiapo."

Nilitaka sana kwenda Kigali. Sitajifanya. Lakini nilikuwa nimesema *zako zitatangulia*, na hakuna aliyenilazimisha kulisema.

"Keti, Hajati," nilisema. "Unisomee majina."

Niliunganisha mtandao wa simu. Picha zikaanza kupanda, moja baada ya nyingine, naye akizitaja kama mwalimu anayeita watoto kwa orodha: hii ya Zubaida, hii ya wifi yangu wa mbuzi, hii yangu mimi. Kwenye ukurasa wa tovuti zilijitokeza zikiwa wima, zote, herufi juu, rangi zinawaka. BISMILLAHI ilikuwa ya mwisho. Likaja jibu fupi: zimepokelewa. Hajati alikigusa kioo kwa ncha ya kidole, kama kuhakikisha rangi imekauka.

Nikafungua ukurasa wangu wa Kigali, nikaichagua video. Laptopu ikafikiri kidogo, kisha ikafa.

Ami akatoka, akarudi na sahani ya muhogo na maharage kutoka kwa jirani, akaiweka juu ya meza. Hajati Nabilah hakuuliza. Aliifunika kwa ile tabaga kubwa, akasema bismillahi, akaifunua, akaisogeza sahani mbele yangu.

Nilikula mpaka nikamaliza. Kisha yeye mwenyewe akaiinua tabaga kutoka mezani, akaisimamisha ukutani kwa mara ya kwanza, akarudi nyuma hatua moja kuitazama.