Jagi la Mama Stoyanka

Mkasi uliniponyoka mbele ya mteja, ukatua karibu na kiatu chake. Mimi hukata nywele za wanawake mjini Lovech. Bila vidole sina kazi.

Tangu kabla ya Krismasi vidole hivyo vilikuwa vinawaka kama nimemenya pilipili, na kichwa kilinigonga kila nilipoinuka. Daktari wa kwanza alisema ni shingo. Wa pili alinipiga picha ya kichwa, akaona iko safi, kisha akaniuliza kama ndoa yangu ina raha. Wa tatu alinipa vidonge vya wasiwasi. Nikaanza kujishuku mwenyewe, kwamba labda naigiza bila kujua.

Asiyenishuku alikuwa mama mkwe wangu, Stoyanka. Mume wangu yuko Ujerumani kwenye ujenzi, kwa hiyo nyumbani tuko wawili. Kila asubuhi alinimiminia maji ya kabichi iliyochachushwa kwa chumvi kutoka kwenye jagi la udongo la bibi yake, lile la kijani linalong'aa. Yeye hakuyagusa, presha ilimkataza.

"Kunywa, mwanangu. Haya ndiyo yalimwinua marehemu baba mkwe wako kila Jumatatu."

"Naye aliumwa kichwa?"

"Aliumwa na pombe ya Jumapili."

Ni yeye aliyenivuta hadi Pleven, mji mkubwa wa jirani, kwa Daktari Kalcheva, bingwa wa mishipa ya fahamu. Kwetu huendi kwa daktari mikono mitupu, na mama mkwe haziamini chokoleti. Alibeba jagi lenyewe, limejaa, limefungwa kitambaa mdomoni, akalipakata njia nzima.

Daktari alinigonga magoti, akanidunga ncha za vidole, akaniambia ninyooshe mikono na kuinua viganja. Viganja vilining'inia. Aliandika mistari mingi. Mama mkwe akaiogopa kalamu ile, akafungua kitambaa na kummiminia zawadi yake kwenye glasi.

Daktari hakunywa. Alimwaga maji yote kwenye sinki, akaliinamisha jagi dirishani na kupitisha kidole ndani. Mng'ao ulikuwa umelika, umebaki udongo unaokwaruza.

"Nani anakunywa humu?"

"Huyu peke yake," mama mkwe alijibu kwa fahari. "Kila siku. Namtibu."

Daktari alieleza taratibu kwamba zamani wafinyanzi walichanganya madini ya risasi kwenye rangi hiyo ya kung'aa, na maji makali ya kabichi huyatoa. Nilipimwa damu. Majibu yaliporudi jioni ile, risasi ilikuwa imejaa kwenye damu. Dawa ilikuwepo. Mikono ingerudi, alisema, ila si kwa haraka.

Niliangua kilio pale pale kwa furaha. Ugonjwa wangu ulikuwa na jina!

Mama mkwe alikaa kwenye benchi la ukumbini, jagi mapajani.

"Nimekunywesha sumu kwa mkono wangu."

"Na kwa mkono huohuo umenileta kwa aliyeiona," nilimwambia. "Usingekuwa mkaidi, mama, mpaka leo ningekuwa nameza vidonge vya wasiwasi."

Alifikiri kidogo. "Basi tutalitilia maua."

"Ya plastiki."

"Ya plastiki," alikubali.

Kiangazi kilipofika nilimkata nywele, yeye wa kwanza kabla ya mteja yeyote. Upande wa kushoto ulitoka mfupi kidogo. Aliupapasa, akajitazama sana kwenye kioo, akasema mkono wangu haujawahi kuwa mzuri hivi.