Nusu Saa Getini

Mzee alikuwa anagonga chuma cha kitanda kwa pete yake. Ti, ti. Anapumzika. Ti. Sauti ilishamkauka tangu juzi, amebakiwa na kidole hicho kimoja chenye pete, na macho. Macho yalikuwa kwangu.

Mimi nilikuwa kitanda cha jirani, mguu umening'inizwa juu kama nyama buchani. Kati yetu hatua moja tu. Nilinyoosha mkono, haukufika. Nikageuza shingo kumtafuta nesi, nikamwona mwisho wa wodi, kasimama wima mbele ya wakaguzi watatu wenye mafaili. Nesi huyo ni dada yangu, tumbo moja. Nikampungia mkono. Akaniona. Najua aliniona, maana aliinua kidole chini chini, usawa wa mfuko wa gauni: subiri.

Nikasubiri.

Saa ya ukutani ilikuwa inanitazama usoni. Saa tatu na dakika arobaini, pete ikanyamaza.

Asiyemjua dada yangu atasema huyu katili. Katili gani? Wodi nzima ya wanaume walimwita Nesi Pole, kwa jinsi neno hilo lilivyokuwa haliishi mdomoni mwake. Zamu yake ikiisha, wenzake wanakimbilia viatu vyao, yeye anakaa kuwakata kucha wazee wasio na ndugu. Usiku anarudi nyumbani miguu imevimba. Na kila mwaka cheo cha usimamizi wa wodi kinampita pembeni. Mara ya mwisho alipewa msichana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuchoma sindano. Sababu waliiandika: kazi nzuri, kumbukumbu hazijakamilika. Yaani alikuwa anakata kucha wakati wa kujaza karatasi.

Nilimwambia mimi. Siwezi kumsingizia mtu mwingine. Alikuwa kaegemea kitanda changu, ana machozi ya hasira, na mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

"Dada, we endelea tu na pole zako. Utazeeka umeshika mikasi ya kucha. Wenzio wanajaza makaratasi, wanapanda. Hiyo huruma yako nani anaikagua?"

Alinikazia shuka mpaka vidole vya mguu mzima vikauma, akaenda zake.

Shule niliacha kidato cha pili, nikaruka ruka kama chura: gereji, kupaka rangi, mwisho nikaanguka kwenye jukwaa la ujenzi. Ushauri wangu hakuna mtu aliyewahi kuufuata. Huo mmoja akaufuata.

Asubuhi ya ukaguzi alikuja mapema, gauni limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Alipita kitanda kwa kitanda na kalamu, akijaza karatasi za vipimo zinazoning'inia miguuni mwa vitanda. Alijaza za saa kumi na mbili, sawa, muda ulishapita. Kisha akajaza na za saa nne. Hata saa tatu haijafika.

"Umekuwa mganga wa kienyeji?" nikamtania. "Unaona mapigo ya mtu kabla hayajapiga?"

"Wote tunafanya hivi siku ya wageni. Nyamaza."

Mzee wa jirani alikuwa bado na nguvu ya kutabasamu. Alikuwa fundi nguo maisha yake yote, na nesi yeyote aliyepita alimpima kwa jicho: wewe bega limepanda, wewe umeibiwa kitambaa. Mimi alinibatiza jina Mguu. Daktari alishasema ni siku chache zimebaki, kwa hiyo sidai kwamba angepona. Hakuwa anagonga ili apone. Alitaka mtu tu, mtu aje asimame pale.

Wakaguzi walikagua vitanda sita vya mwanzo, wakasifu, wakaenda kunywa chai. Upande wetu hawakufika kabisa. Ndipo dada akaja, mwendo wa haraka, tabasamu bado liko usoni kama kofia aliyosahau kuvua. Akamgusa Mzee shingoni. Akaangalia saa: nne na robo. Akaangalia karatasi aliyoijaza mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, saa nne, mapigo sabini na mbili.

Akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Daktari alipoitwa akaandika Mzee kafariki saa nne na nusu. Karatasi zikakubaliana, kila kitu kikanyooka. Kwenye makaratasi yale Mzee aliongezewa karibu saa nzima ya kuishi.

Binti yake aliingia muda mfupi baadaye, kabeba chupa ya chai. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kitanda kitupu, kwa sababu walishamtoa, akanigeukia.

"Kaka, wewe ndiye Mguu? Alikuwa anakusimulia."

"Ndiye mimi. Pole, dada."

"Mimi nimefika getini saa nne kamili. Mlinzi ananiambia leo hakuna kuona wagonjwa mpaka wageni watoke. Nusu saa nzima nimesimama nabishana naye. Nusu saa, kaka! Wameniambia kafariki saa nne na nusu; baba anapumua humu ndani, na mimi niko pale nje namwonesha mlinzi chupa ya chai. Ningemsukuma nikapita. Kwa nini sikumsukuma?"

Jibu nilikuwa nalo, fupi, halimalizi hata pumzi moja. Ulipofika geti baba yako alishakwenda, dada, hukumkosa kwa nusu saa, usijilaumu. Basi. Lakini neno hilo lingetembea moja kwa moja hadi kwenye karatasi ya saa nne, na dada yangu alikuwa kasimama mezani hatua kumi kutoka pale, kalamu mkononi, haandiki.

Nikampa jingine.

"Hakuwa peke yake," nikasema. "Yule nesi alikuwa naye. Alimshika mkono mpaka mwisho."

Binti akainuka. Akaenda mpaka mezani, akamkumbatia dada yangu mbele ya wodi nzima, akalia begani kwake kwenye lile gauni lililopigwa pasi. Mikono ya dada ilibaki chini muda mrefu, haijui iende wapi.

Wiki iliyofuata ilikuja barua ya shukrani, kurasa mbili. Ilisomwa kwenye mkutano wa manesi. Miezi miwili baadaye cheo kikaja.

Alikuja nyumbani kunieleza, mimi natembelea magongo. Hakukaa.

"Ulimwambia nini yule binti?"

"Nilichoweza."

"Asubuhi ile mdomo ulikuwa nao. Wewe, kelele zako zinasikika mtaa wa tatu! Ungepiga ukelele mmoja tu."

"Ungekuja?"

Akatoka, na mlango hakuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Ni msimamizi mzuri, nisimnyime haki yake. Siku ya wageni geti halifungwi tena. Nesi akijaza karatasi kabla ya muda, huyo atalia siku hiyo. Lakini kucha za wazee anakata mtu mwingine. Vitandani hapiti, anatuma.

Na mimi nikawa mtu wa kushtuka. Nimejifunza kuchomelea vyuma, kazi ambayo kutwa ni kugonga. Fundi mwenzangu akigonga kidogo kidogo, ti, ti, namtukana. Anadhani nina kichaa. Simwelezi.

Mwaka wa tatu nikamfuata yule binti. Alirithi cherehani ya baba yake na chumba cha kushonea. Nilipeleka suruali ifupishwe. Nikasema leo nasema, nikalipa, nikaondoka. Nikapeleka ya pili. Ya tatu.

"Kaka yangu," akacheka, pini mdomoni, "wewe suruali unanunulia majitu?"

Kisha kicheko kikaisha, akaanza mwenyewe, bila kuulizwa. Kwamba hata leo akisimama mahali akasubiri, popote, benki, kisimani, jasho linamtoka na anataka kumsukuma mtu. Kwamba mume wake amechoka kumsikiliza.

"Ulipofika getini alishakufa," nikasema. "Saa tatu na dakika arobaini. Mimi nilikuwa naangalia saa. Ile ya kwenye karatasi ni ya uongo."

Cherehani ikasimama. Nikaona bega lake likishuka, taratibu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nikashukuru mapema mno.

"Na mkono?" akauliza. "Nesi si alimshika mkono?"

Hapo ningeweza kumwachia hicho kimoja. Nilimtazama sana.

"Hapana. Alituita kwa pete. Mimi nikaambiwa nisubiri, nikasubiri. Nesi ni dada yangu."

Alichukua suruali yangu, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye rafu.

"Njoo Alhamisi," akasema, hanitazami.

Alhamisi sikwenda. Jumatatu dada akanipigia simu.

"Kuna mwanamke yuko mlangoni mwa ofisi yangu. Kakataa kukaa. Anasema wewe umemwambia."

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote, dada."

Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana, na simu hakuikata. Nilisikia akiilaza mezani, halafu sauti yake ikiwa mbali, anaongea na mtu wa nje: "Huyo mganga mkuu mwambieni aje kesho. Ndiyo, hata yeye." Mlango ukafungwa. Kiti kikaburutwa.

"Karibu," dada yangu akasema. "Sikufika kitandani kwake. Nianzie hapo?"

"Anzia asubuhi," sauti ya pili ikajibu.

Nikakata simu.