Chumvi ya Sampa

Mimi si mupumbavu, lakini mwaka ule shamba lilinifanya mupumbavu. Bwana yangu Sampa, kabla hajafa, alikuwa akitia samaki chumvi kwa ajili ya wachuuzi wa Kongo, na kila jioni alimwaga yale maji ya chumvi shambani nyuma ya nyumba, pamoja na matumbo ya samaki. Miaka minane. Udongo ukanona, ukawa mweusi, na juu yake ukoko mweupe. Mahindi yalikuwa yanachipuka tu, halafu yanakauka.

Ngosa, mukubwa wa kijiji, aliniambia wazi kwamba mimi ni mutu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa. Mahindi yakikataa tena mvua hii, shamba atapewa Kingsley, mupwa wa bwana yangu, nami nirudi kwetu. Kwetu wapi? Wazazi walishakufa.

Mama mukwe, Mable, akasema nitie majivu. Hapa Nchelenge watu wanakata matawi, wanachoma, wanapanda kwenye majivu. Basi nikachoma mpaka macho yakavimba, na mahindi yakafa upesi zaidi. Akaja Chisenga, bwana shamba wa boma, na viatu vyake virefu. Chimba mufereji, akasema, mwaga maji mengi, osha chumvi itoke. Nikamuuliza nioshe mpaka lini. Mpaka iishe, akasema, akapanda baisikeli yake. Kingsley naye, kwa ile sauti yake ya kunihurumia, akasema nikiosha hivyo rutuba yote itateremka ziwani, nibaki na muchanga. Wote wawili walisema kweli, na hiyo ndiyo iliyonichanganya kichwa.

Nilikuwa nimekaa chini na hasira zangu nilipomkumbuka mama yangu akitengeneza chumvi ya majani. Alichoma majani ya kinamasi, akatia majivu kwenye chungu chenye matundu, akamwagia maji, akaonja yanayodondoka. Yasipouma tena ulimi, alijua chumvi imeisha, akatupa majivu. Kumbe mimi nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi! Nilijitukana kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kibemba.

Nikachimba mufereji mpaka kwenye matete. Nikabeba maji ya ziwa kichwani, nikamwaga, nikaonja yanayotoka. Siku ya tisa ulimi ulinikataa. Asubuhi maji hayana kitu, saa sita yana chumvi, au ni jasho langu, sijui. Nikiacha mapema, mahindi yatakufa. Nikichelewa, rutuba imekwenda. Nikamwita Mable. Alichota kwa kiganja, akaonja, machozi yakamtoka.

"Acha sasa," akasema. "Imetosha."

"Una hakika?"

"Sina."

Niliacha hivyo hivyo, nikafunika udongo na majani ya maharagwe, nikapanda. Ngosa alikuja mahindi yalipofika magotini. Alizunguka shamba mara mbili, Kingsley nyuma yake akitafuta hata moja lililokauka.

"Kaa," Ngosa akaniambia. "Shamba ni lako."

Walipoondoka, Mable alibaki amesimama kati ya mahindi.

"Mimi nilitaka urudi kwenu," akasema. "Kila nikikuona namuona mutoto wangu, na moyo unauma."

Nilikuwa nimemdhania mengi, hilo sikulidhania. Nikamuuliza, na sasa?

"Sasa sijui tena ninataka nini," akasema. "Kesho nitakuja na jembe."